Uchambuzi wa kisa: Siku sita za kusi kwenye pwani ya jangwa la Oman

Usuli

Kundi lilikuwa la watu wanne waliokwenda kuteleza mawimbini kwa ubao, wakiwa na magari mawili ya foo-wili. Watatu wanaishi Muscat, wa nne alikuja likizo kutoka Mombasa. Majina yao, mwaka wa safari na fukwe walizotelezea vimeondolewa. Tutawaita Mratibu, Dereva wa pili, Fundi na Mgeni. Kila mmoja alikuwa na uzoefu wa zaidi ya miaka mitano wa kuteleza kwa ubao juu ya mawimbi. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuendesha gari kwenye sabkha, yaani ardhi tambarare ya chumvi iliyo kando ya bahari. Pengo hilo ndilo lililoibadilisha safari.

Njia ilipangwa hivi: Muscat hadi Al Ashkharah, kisha barabara ya pwani kuelekea kusini, pale mchanga wa Sharqiya unapoishia baharini, hadi Mahut. Kutoka Mahut wangekwenda Shannah, wapande feri hadi Hilf kwenye kisiwa cha Masirah, na kurudi Muscat kupitia Sinaw.

Msimu uliochaguliwa ni katikati ya Julai. Msomaji wa Mombasa, Lamu au Unguja anaijua kusi kama upepo uliokuwa ukirudisha majahazi Arabuni. Upepo huo ukishapita pwani ya Kenya hupinda, hushika pwani ya Somalia na kufika Oman ukiwa na nguvu kubwa zaidi. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa J. Findlater alieleza mkondo huo wa upepo wa chini kwa kina, na mpaka leo wataalamu wanauita kwa jina lake. Kwa kuwa huvuma wiki nyingi bila kukatika juu ya bahari iliyo wazi, hujenga mawimbi makubwa. Nje ya Masirah si ajabu kukuta mawimbi ya mita 3 na zaidi mwezi wa Julai.

Upepo huohuo huyasukuma maji ya juu yaondoke ufukweni, na maji baridi ya chini yakapanda kushika nafasi yake. Ndiyo maana bahari ya hapo wakati wa kiangazi inaweza kushuka hadi nyuzi 20 na kidogo, na ukungu kutanda asubuhi, ilhali bara, si mbali na hapo, joto linafika nyuzi 45. Anayepanga safari kwa kuangalia joto la Muscat peke yake atakuja bila suti ya mpira na atatetemeka.

Jambo la tufani lilifikiriwa pia. Tufani za Bahari ya Arabuni huja zaidi kabla ya kusi kukolea na baada yake kupungua. Ile iliyoipiga Masirah mwaka 1977 na ile ya Gonu ya mwaka 2007 zote zilikuwa za Juni. Kusi ikishakolea, upepo wa chini na wa juu huwa na mwelekeo na kasi tofauti mno, na tufani hushindwa kujijenga. Mratibu alihamisha safari kutoka wiki ya kwanza ya Juni hadi Julai kwa sababu hiyo, na alifanya sawasawa.

Maandalizi

Maji yalipigiwa hesabu ya lita 6 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia: watu 4 kwa siku 6, lita 144. Juu yake ziliongezwa lita 40 za dharura na 20 za kusuuzia mwili na vyombo. Yaliwekwa kwenye madumu ya lita 10, si ya 20, ili dumu moja likipasuka hasara iwe ndogo, na yakagawanywa nusu kwa nusu katika magari mawili.

Mafuta hayakuwa tatizo, kwa kuwa walijiwekea sharti la kutopita kituo chochote bila kujaza tangi. Kila gari lilibeba pia dumu la chuma la lita 20.

Upepo wa matairi ulikuwa psi 35 kwa lami na psi 18 kwa mchanga, na ruhusa ya kushuka hadi 15 kwa gari lililokwama. Pampu ilikuwa moja, ya kuunganishwa moja kwa moja kwenye betri. Zile za kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari huunguza fyuzi zikifanya kazi muda mrefu. Walikuwa na mabeleshi mawili, vibao viwili vya kukwamulia, jeki yenye kipande cha ubao wa kuwekea chini, na mkanda mmoja wa kuvutia wenye urefu wa mita 9. Mkanda huo tutaurudia.

Mbao za kuteleza zilikuwa sita, zikiwa juu ya magari ndani ya mifuko ya kitambaa kinachorudisha jua. Walibeba pia mapezi ya akiba, kamba za mguuni za akiba, rezini na kitambaa cha faiba.

Muscat alibaki ndugu mmoja mwenye ratiba iliyoandikwa. Kila usiku saa tatu angepokea ujumbe. Usipofika hadi saa nne, angewapigia wote wanne. Kukiwa kimya mpaka alfajiri, angepiga namba ya dharura ya polisi, 9999, na kutaja mahali pa mwisho walipojulikana kuwepo. Siku ya saba iliachwa wazi, bila kazi wala ahadi yoyote.

Yaliyotokea

Siku ya kwanza na ya pili zilikwenda vizuri. Waliondoka Muscat saa kumi na nusu alfajiri na kufika Al Ashkharah kabla jua halijawa kali. Ufuko ulio wazi ulikuwa povu tupu: utabiri ulisema mawimbi ya mita 2.5, na kweli yalikuwepo, ila upepo wa noti 25 (takriban kilomita 46 kwa saa) ulikuwa ukiyavunja ovyo. Wakahamia nyuma ya rasi ndogo, wakapata mawimbi ya kimo cha kiuno yaliyonyooka. Siku ya pili waliingia tena saa kumi na mbili asubuhi, wakatoka saa mbili unafuu wa alfajiri ulipokwisha.

Siku ya tatu, kwenye barabara ya pwani, walikuta mchanga umelala juu ya lami kwa vipande. Walikuwa wamekubaliana kutozidi kilomita 80 kwa saa, na wasiendeshe usiku kwa sababu ya mchanga na ngamia. Mara mbili gari la mbele lilipanda lundo lenye kimo cha tofali. Kwa mwendo ule halikuyumba.

Mahut walijaza mafuta. Feri yao ilikuwa saa tisa alasiri, nao walikuwa na saa nyingi mkononi. Mratibu akapendekeza waende kuchungulia ufuko wa nje wa rasi ya Barr al Hikman, unaotazama bahari kuu. Simu ilionyesha njia ya kilomita 14 kutoka kwenye lami. Pale kituoni walikutana na mzee mvuvi anayezungumza Kiswahili cha Unguja. Wakamwamkia na kumuuliza njia.

“Wanangu, mwezi umeandama juzi,” akawaambia. “Bamvua limepanda mpaka kwenye chumvi. Huko msiingie kabla ya maji mafu.” Bamvua ni siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida; maji mafu ni siku ambazo tofauti hiyo ni ndogo.

“Tumekusikia, mzee,” wakamjibu, kisha wakaenda. Sababu yao ilikuwa kwamba ramani inaonyesha njia, ardhi inaonekana kavu, na magari ni mawili.

Saa tano asubuhi, baada ya kilomita 9, gari la kwanza lilivunja gamba la chumvi na kuzama hadi kwenye ekseli. Chini ya gamba palikuwa na tope la rangi ya kijivu, zito, linalonyonya. Mratibu aliongeza moto kwa sekunde chache, akazamisha matairi ya nyuma zaidi. Gari la pili lilikuwa mita 60 nyuma, na Dereva wa pili akasimama palepale bila kusogea. Kwa kusimama huko aliiokoa safari nzima.

Walishusha mizigo, wakashusha upepo hadi psi 15, wakachimba mbele ya matairi na kuingiza vibao. Kila beleshi lililotoa tope lilifuatwa na maji yaliyojaa shimo. Vibao vilizama pamoja na tairi. Wakataka kuvuta, lakini kwa mkanda wa mita 9 gari la pili lingelazimika kusimama juu ya gamba lilelile lililovunjika.

Saa sita na nusu waliamua mambo mawili. Dereva wa pili arudi kwenye lami kwa kufuata alama za matairi yake mwenyewe, apate mtandao wa simu, amjulishe ndugu wa Muscat na kutafuta msaada. Wengine watatu wabaki na gari. Mratibu alitaka kutembea kwa miguu akaangalie kama kuna kambi ya wavuvi ufukweni. Wenzake walimkatalia, na walikuwa na haki. Gari huonekana kutoka mbali, lina kivuli na maji; mtu anayetembea hana kimojawapo.

Kosa lililofuata ni kwamba waliendelea kuchimba. Saa nane Fundi, aliyechimba zaidi ya saa nzima bila kupumzika, alianza kuumwa kichwa, akahisi kichefuchefu na kizunguzungu alipoinuka. Upepo mkali ulikuwa ukimkausha jasho kabla hajaliona, naye alidhani hatoki jasho jingi. Walifunga turubai ubavuni mwa gari, wakamlaza miguu ikiwa juu, wakalowesha fulana yake na kumpa maji ya ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini) kwa mafunda madogo, nusu lita kwa dakika 20. Baada ya dakika 40 hivi alipata nafuu. Kama angeanza kuropoka au kushindwa kueleza yuko wapi, hilo lingekuwa jambo la hospitali, si la turubai. Kuanzia saa tano hadi jioni watu watatu walitumia lita 31 za maji.

Saa kumi Dereva wa pili alirudi akiongozana na pikapu ya wavuvi, na ndani yake yule mzee. Wavuvi walikuja na kamba ya mashua yenye urefu wa mita 40. Hawakuisogelea sehemu iliyovunjika. Walisimamisha pikapu na gari la pili kwenye ardhi ngumu, moja nyuma ya jingine, wakaunganisha kamba na kulivuta gari kinyumenyume kwenye njia lililoingilia, kidogo kidogo, bila kustua. Lilitoka saa kumi na moja na robo. Feri ilikuwa imeshaondoka.

Usiku huo walilala Mahut. Swali lilikuwa kama waiache Masirah. Mgeni na Dereva wa pili walitaka kwenda, Mratibu alisita. Walichoangalia ni vitu vitatu: hali ya Fundi asubuhi, maji yaliyobaki, na kama lile gari lina madhara. Fundi aliamka mzima na mkojo wake ukiwa wa rangi nyepesi, maji yalitosha baada ya kujaza madumu, na gari lilikuwa na tope tu kwenye breki. Wakavuka siku ya nne, na mpango wa usiku tatu ukawa wa usiku mbili.

Masirah ililipa. Siku ya tano utabiri ulisema mita 3.1, muda wa sekunde 9 kati ya wimbi na wimbi, na upepo wa noti 24. Hawakupoteza muda kwenye fukwe zilizo wazi. Walitafuta kwenye picha za setilaiti rasi zinazojitokeza vya kutosha, kiasi kwamba upepo wa kusini-magharibi upite nchi kavu kwanza kabla ya kufika majini, na mawimbi yapinde kuzunguka ncha ndipo yaingie. Ya tatu waliyoifikia ilikuwa hivyo. Mita 3 za nje zilibaki mita 1 hadi 1.2, lakini wimbi lilifunguka vizuri kwa mita 80 au zaidi.

Mkondo ulikuwa mkali kando ya ufuko kuelekea kaskazini-mashariki. Walisimika bendera nyekundu kwenye gari na kuweka sheria: kila nusu saa, toka majini, rudi kwa miguu hadi ilipo bendera, ingia upya. Na ukungu ukificha bendera, watu wote watoke. Walitoka kwa sababu hiyo mara moja.

Ufuko ulikuwa na nyayo za duvi. Masirah ni miongoni mwa sehemu kubwa duniani wanakotaga kasa hao, na miezi hii mayai yako mchangani. Magari yaliachwa mbali na mstari wa maji yanapojaa, na usiku walitumia taa nyekundu peke yake.

Siku ya sita feri ya kurudi iliahirishwa kwa sababu ya bahari. Waliondoka siku ya saba, ile iliyoachwa wazi, wakafika Muscat usiku wa mapema.

Matokeo

Katika safari hii walipanga kuingia majini mara 12, wakaingia mara 5. Hakuna aliyeumia zaidi ya Fundi. Ubao mmoja wa povu jepesi lenye gamba la epoksi uliharibika: uliachwa ndani ya gari lililofungwa mchana, hewa ya ndani ikatanuka na gamba likavimba kama malengelenge. Kilomita zilizosomwa kwenye gari ni 1,240. Maji yalibaki lita 22.

Uchambuzi

Tuanze na sabkha, kwa kuwa ndiko kulikopotea siku nzima. Kundi liliijua hatari ya mchanga, likaja na dawa ya mchanga. Mchanga ukishusha upepo wa tairi unabeba gari, kwa sababu uzito umesambaa juu ya kitu kilicho kikavu mpaka chini. Sabkha ni kitu kingine. Maji ya chumvi yako sentimita chache tu chini, hupanda, hukauka juu na kuacha gamba. Gamba hubeba gari mpaka pale lisipobeba, na likivunjika hakuna kina cha kuchimba kitakachokupa ukavu, unachimba kisima. Siku za bamvua bahari huingia ndani zaidi kwenye ardhi tambarare kama ile na kulilainisha gamba kutoka chini, huku juu pakibaki peupe na pakavu machoni. Mzee alisema yote hayo kwa maneno machache.

Mratibu alikuwa na jedwali la maji kupwa na kujaa kwenye simu. Alilitumia kuchagua saa ya kuteleza, hakulitumia kuchagua njia. Ukipita karibu na Barr al Hikman, siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu ziandike kwenye ratiba kuwa siku za lami tu. Siku nyingine, simama kila rangi ya ardhi inapobadilika kuwa kahawia ya unyevu, shuka, tembea mbele mita 50 na uchome kijiti cha chuma. Kikiingia kwa mkono mmoja, geuza gari.

Mstari kwenye ramani ya simu unaonyesha kwamba gari fulani liliwahi kupita. Hauelezi lilipita mwezi gani wala lilikuwa na uzito gani, na pikapu tupu ya mvuvi si gari lenye madumu kumi ya maji na mbao za kuteleza juu.

Mkanda wa mita 9 ulikuwa kosa la ununuzi. Magari mawili ni bima ikiwa la pili linaweza kulivuta la kwanza likiwa limesimama pagumu, na kwa ardhi hii hiyo ni mita 30 au zaidi. Mikanda minne ya aina hiyo yenye pingu za chuma, au kamba moja ndefu ya mashua kutoka duka la wavuvi, ingewatoa kabla ya saa nane. Pingu zifungwe kwenye ndoano zilizounganishwa na fremu ya gari, kamwe si kwenye tufe la chuma la kuvutia trela. Tufe hilo likikatika linaruka kama risasi. Pampu nayo, pamoja na beleshi moja, ingekaa gari la nyuma, kwa sababu linalozama kwanza ni la mbele.

Kuhusu mawasiliano, ule mpango wa ndugu wa Muscat ulifaa kwa sababu ulikuwa na saa na namba. Hata hivyo, kwenye sabkha mtandao haukuwepo, na kama gari la pili nalo lingezama, wangengoja mpaka alfajiri ya kesho yake ndipo atafutwe mtu. Kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti kingeziba pengo hilo. Ulizia kwanza kama sheria za nchi zinakiruhusu.

Hesabu ya maji ilikuwa sahihi, hasa zile lita 40 za dharura. Kilichokosekana ni zamu. Mtu anayechimba kwenye joto achimbe dakika 10 na kukaa kivulini dakika 10, anywe kabla ya kiu, na aliyekaa ndiye amwangalie anayechimba. Baada ya Dereva wa pili kuondoka kwenda kutafuta msaada, hapakuwa na sababu ya kuchimba hata kidogo.

Upande wa mawimbi, kundi lilijifunza haraka kuliko wengi. Mgeni alikuja na mazoea ya Mombasa, ambako mwamba huvunja ukali wa bahari na wewe unachagua mlango wa kuingilia. Hapa hakuna mwamba wa kukukinga. Sekunde 9 kati ya wimbi na wimbi maana yake ni mawimbi ya upepo wa karibu, yenye kimo lakini yasiyo na mpangilio, na kimo kikubwa kwenye utabiri si habari njema chenyewe. Nambari ya kuanzia ni mwelekeo wa upepo ukilinganishwa na uso wa ufuko, ya pili ni sekunde, kimo kinakuja tatu. Siku ya kwanza walisoma kwa kugeuza mpangilio huo, wakapoteza saa mbili kwenye povu. Siku ya tano waliusoma sawasawa.

Siku ya wazi mwishoni mwa safari iliwagharimu ruhusa ya siku moja kazini. Bila hiyo, wangekuwa Hilf wakiitazama bahari iliyochafuka, na mmoja wao akishawishi watu wapande mashua ya mtu binafsi ili wawahi.

Kazi ya mwisho ilifanyika Muscat asubuhi iliyofuata, nayo iingie kwenye ratiba ya kila safari ya namna hii: gari lililozama lilipandishwa jeki, matairi yakatolewa, na tope la chumvi likaoshwa kwa maji yasiyo na chumvi kutoka kwenye breki, fremu na ndani ya rimu. Radieta ilipuliziwa maji kutoka upande wa injini kuja mbele, na mafuta ya difu yakakaguliwa. Yalikuwa na rangi ya maziwa, alama kwamba maji yameingia, yakabadilishwa siku hiyohiyo.